Kuifunga SSD ya Kingston A400 kwenye Dell OptiPlex 780 ya steshenari

Kwa wanaotaka jibu tu: Kingston A400 ya GB 240, ambayo ni SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka), inafaa kwa kompyuta za mezani za zamani, na naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyopungua nitaieleza huko chini. Ila kama umeinunua ukidhani utachomeka, utawasha na kuendelea na kazi, jiandae kisaikolojia. Diski yenyewe haikunisumbua. Walionisumbua ni majirani zake ndani ya kasha: mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows), kebo moja ya bei rahisi, na kibetri cha ukubwa wa sarafu.

Mashine ni Dell OptiPlex 780, zile za used kutoka Ulaya zilizojaa maofisini na madukani kwetu. Prosesa ni Core 2 Duo E8400, RAM GB 4, na hadi diski (hard disk, diski ya zamani yenye sahani inayozunguka) ya GB 250 iliyokuja nayo. Ni ya dada yangu, ana steshenari Morogoro. Kazi zake mnazijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, kuhangaika na vyeti vya kuzaliwa vya RITA, kupakia vyeti vya watu wanaoomba ajira. Msimu wa maombi ya vyuo watu wanasimama hadi nje, na kompyuta ilikuwa inachukua zaidi ya dakika nne kuwaka, halafu ukifungua Chrome inaanza kutafakari upya. Ukitazama Task Manager, prosesa imepumzika zake, diski iko asilimia 100.

Fundi wa jirani alishatoa hukumu: "Dada, hii imechoka, tafuta nyingine." Nyingine ingemla zaidi ya laki tatu. Mimi SSD nilitoa 65,000 Kariakoo, pamoja na kebo ya SATA (ya kupitisha data ya diski) niliyonunua pembeni, maana ndani ya pakiti kuna diski peke yake. Hakuna kebo, hakuna fremu ya kuishikiza, hakuna hata skrubu. Hilo lijue kabla hujaondoka dukani, hasa kama unasafiri nayo kwenda mkoani.

Kabla ya kuifunga niliichomeka kwenye laptopu yangu kwa adapta ya USB. SSD bandia zipo sokoni, na nyingine ni za zamani zilizofutwa vumbi. CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, inaonyesha diski imekaa kwenye umeme saa ngapi. Mpya inapaswa kuwa sifuri au karibu na hapo. H2testw nayo inaijaza diski data mpaka mwisho kisha inaisoma yote, kwa hiyo kama imeandikwa GB 240 na ndani kuna 32, utajua siku hiyo hiyo. Yangu ilifaulu zote mbili. Usiruke hatua hii, kwa sababu baadaye kompyuta ikigoma kuiona utakuwa na uhakika kwamba diski ni nzima, na uhakika huo ndio ulioniokoa.

Maana ilipofika Morogoro, kompyuta haikuiona.

Nilichomeka SSD kwenye tundu lililokuwa wazi kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) kwa kebo mpya, nikaiacha hadi diski ya zamani mahali pake. Nikawasha. Windows ya zamani ikafunguka kwa mwendo wake ule ule wa kobe, SSD haipo. Kwenye Disk Management haipo. Hapa ndipo wengi wanairudisha dukani wakisema imekufa, na muuzaji anawarushia maneno kwamba mmeiunguza wenyewe.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha toa kebo ya data na ya umeme kwenye hadi diski ya zamani uzihamishie kwenye SSD. Washa, bonyeza F2 uingie BIOS. SSD ilionekana papo hapo, jina kamili na ukubwa. Kwa hiyo tatizo lilikuwa ama tundu, ama kebo mpya. Niliporudisha kila kitu kama mwanzo na kuingia BIOS tena, sehemu ya Drives, nikakuta SATA-0 na SATA-1 zimewekewa alama, ile niliyochomekea mimi haina. Tundu lilikuwa limezimwa kwenye mipangilio.

Kwenye OptiPlex za umri huu BIOS inafanya kazi kama mlinzi wa ukumbi wa harusi mwenye orodha ya kadi. Tundu likiwa halina alama, chomeka hata diski ya dhahabu, haitaulizwa jina. Na kinyume chake, ukiacha alama kwenye tundu lisilo na kitu, kila asubuhi utakaribishwa na ujumbe kwamba diski namba fulani haijapatikana, bonyeza F1 uendelee. Nimeona ofisi ambayo watu wamebonyeza F1 hiyo kwa miaka, wanadhani ndivyo kompyuta inavyowashwa.

Ukiwa humo humo BIOS, tazama SATA Operation na uhakikishe iko AHCI (hali ya kisasa ya kompyuta kuwasiliana na diski) kabla ya kupiga Windows, yaani kuisakinisha. Ukipiga Windows ikiwa kwenye hali nyingine kisha ukabadilisha baadaye, unaweza kupata skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, nawe utaanza tena kuituhumu diski isiyo na hatia.

Kuhusu kunakili diski nzima nzima kutoka ya zamani: niliiacha hiyo njia. Kwanza ya zamani ni GB 250 na mpya ni 240, na programu nyingi za kunakili zinagoma mpokeaji akiwa mdogo mpaka upunguze patisheni (vigawanyo vya diski). Pili, CrystalDiskInfo iliipa ya zamani rangi ya njano, yaani tahadhari. Namba ya C5, yaani sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje, ilikuwa imeshapanda. Diski ya namna hiyo unaiomba mafaili muhimu tu, huisumbui kwa kuisoma mwanzo hadi mwisho.

Nikapiga Windows 10 upya kwa flashi, nikiwa nimechomoa kabisa hadi diski ya zamani. Hili la kuchomoa nalisisitiza. Diski mbili zikiwa zimechomekwa, Windows inaweza kujikalisha kwenye mpya huku mafaili ya kuwashia ikiyaweka kwenye ya zamani. Mambo yanaenda vizuri mpaka siku utakapoitoa ya zamani, ndipo unasoma "No boot device available" na kuanza kupiga simu.

Katikati ya kazi Windows ikagoma: diski ni ya mtindo wa GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski. Sababu ni kwamba nilipoipima kwenye laptopu, laptopu iliipanga kwa GPT, na BIOS ya 780 inawasha kwa njia ya zamani tu, haina UEFI (mrithi wa BIOS), kwa hiyo inataka MBR, mpangilio wa zamani. Dawa iko pale pale kwenye skrini ya usakinishaji: Shift na F10, andika diskpart, kisha list disk, uangalie ukubwa kwa makini, select disk na namba yake, clean, halafu convert mbr. Amri ya clean inafuta na haiulizi mara mbili, ndiyo sababu nyingine ya kuiweka ile ya zamani mbali. MBR inaishia takriban TB 2, kwa GB 240 haikuhusu.

Baada ya hapo Windows ilipanda haraka. Kwa hadi diski ya zamani ningekuwa nimeshakunywa chai na kurudi.

Kisha ikaja kazi ya kuhamisha mafaili ya dada: fomu, barua za wateja, picha za paspoti, mikataba ya kupangisha. Hadi diski ya zamani nikaipeleka kwenye tundu lile nililolifungulia, kwa ile kebo mpya. Kunakili kunaanza, kunakwenda, kunastaki, diski inapotea kwenye orodha. Unazima, unawasha, imerudi. Dada akasema ndiyo hiyo inakata roho, na kwa kweli mtu yeyote angesema hivyo, kwa sababu tulishajua ni mgonjwa.

Ila CrystalDiskInfo ilisema vingine. C5 ilikuwa imetulia pale pale. Iliyokuwa inapanda kila ikikatika ni C7, inayohesabu makosa ya data ikiwa njiani kati ya diski na madabodi. C5 ikipanda, mgonjwa ni diski. C7 ikipanda, anza kuikagua kebo. Nikachomoa kebo ya mashine ya DVD, ile ya asili yenye kishikizo cha chuma kinacholia "ka" inapoingia, nikaitumia hiyo. Mafaili yakahama yote isipokuwa machache ambayo kweli yalikuwa kwenye sekta mbovu. C7 ikabaki palepale. Namba hiyo huwa hairudi nyuma, unachotaka ni isipande. Kebo yangu ya Kariakoo haina kishikizo na ilikuwa inalegea ukiigusa. Imekwenda kwenye taka.

Kesho yake dada ananipigia: "Mdogo wangu, mtandao umekufa, kila tovuti inasema si salama." Nikamwambia aangalie saa kwenye kona ya skrini. Tarehe ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Tovuti za kisasa zinatumia vyeti vya usalama vyenye tarehe, na kompyuta inayodhani bado ni zamani inavikataa vyote. Kosa ni la betri ya CR2032 kwenye madabodi. Ikiisha, BIOS inakumbuka mambo pale tu umeme ukiwepo, na steshenari nyingi zinazima swichi ya ukutani jioni kwa kuogopa umeme kurudi kwa kishindo usiku. Asubuhi saa imesahau, na mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, matundu ya SATA yakiwemo. Betri hiyo inauzwa hata kwa mafundi saa. Kama kompyuta yako ni ya enzi hizi, inunue pamoja na SSD.

Sasa matokeo. Kutoka kubonyeza kitufe hadi kufungua Word ni nusu dakika na kidogo. Chrome inafunguka ukiiita. Mteja akija na flashi yake, dada hamwambii tena asubiri.

Kwenye karatasi A400 ya GB 240 inasoma hadi MB 500 kwa sekunde na kuandika hadi 350. Kwenye 780 hutaziona hizo 500, kwa sababu SATA yake ni ya kizazi cha pili, inaishia chini ya 300. Usisikitike. Kinachoichosha hadi diski ni kutafuta: sahani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja milisekunde 8 na ushee, na kichwa nacho lazima kisogee hadi penye faili. Windows ikiwaka inaomba maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, na kila kimoja kinasubiri zamu. SSD haina cha kuzunguka, inajibu kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Hiyo ndiyo tofauti unayoihisi, na kizazi cha SATA hakiiondoi.

Nyota iliyopungua: A400 haina DRAM (kumbukumbu ya muda yenye kasi) yake ya ndani. Ukimimina mafaili makubwa mfululizo, mathalani GB kadhaa za video za harusi, kasi ya kuandika hushuka. Kwa steshenari hata hutagundua. Kwa mtu wa studio, ongeza hela uchukue ya daraja la juu. Uimara wake wa kuandikwa umetajwa kuwa TB 80 na dhamana ni miaka mitatu, kwa hiyo tunza risiti.

Jambo jingine la kupima kabla hujatoa hela: msaada wa Windows 10, yaani masasisho ya kawaida ya usalama, uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitaki Core 2 Duo. Zile njia za kuidanganya nazo zinakwama kuanzia toleo la 24H2, kwa sababu prosesa hizi hazina amri ya POPCNT ambayo toleo hilo linaidai. Kwa mtu anayepokea namba za NIDA na vyeti vya watu hilo si dogo. Linux Mint inakwenda vizuri kwenye SSD hii, nimeijaribu kwa flashi nyingine, ila printa ya dada bado inanipa kazi huko, kwa hiyo kwa sasa tuko kwenye Windows 10 yenye masasisho ya ziada ya usalama.

SSD tumeibandika ndani ya kasha kwa gundi ya karatasi ya pande mbili. Haina kinachozunguka, haitetemeki, haihitaji zaidi. Ya zamani nimeiondoa na kuandika juu yake "mbovu" kwa maka peni, kabla mtu hajaiuza kama used safi. Dada ameshaanza kuulizia RAM. 780 ina nafasi nne za DDR3 na inapokea hadi GB 16, lakini nimemwambia 8 zinatosha, hela nyingine anunue tona.