Uzoefu wangu na masomo ya besi mtandaoni: nilichokikosa na nilichokipata baada ya kozi ya mwanzo

Nilianza kupiga besi kwa sababu kaka aliyekuwa akiipiga kwenye kwaya yetu, hapa Katuba, Lubumbashi, alipata kazi ya mgodini akahamia Kolwezi. Gitaa ni la kanisa, likabaki. Jumapili tatu tuliimba bila besi: sinte, kinanda chetu cha umeme, inalia juu, batri, yaani seti ya ngoma, inapiga, na katikati ya sauti hizo kuna shimo ambalo hata watoto walilisikia. Mimi nilikuwa mwimbaji wa alto. Kiongozi wa kwaya akaniambia, "Mama, wewe unasikia gamu vizuri, jaribu." Gamu ni ngazi ya noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Nikajaribu.

Hapa nitazungumzia zaidi masomo yanayofuata yale ya mwanzo, maana yale ya mwanzo nimeona wengi wakiyasifu na sina ugomvi nayo. Nilinunua kozi ya mwalimu mmoja wa Marekani, nikalipa mara moja tu, nikaimaliza kwa miezi minne hivi. Ilinifundisha nyuzi nne, mi, la, re, sol, kuanzia ile nene. Nikajua kupokezana kidole cha shahada na cha kati kwenye mkono wa kulia, kufuata metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, na gamu ya do. Taabu moja tu: mwalimu anaita noti kwa herufi, C, D, E, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunasema do, re, mi. Anaposema herufi mimi nahesabu kichwani, na kufikia kuielewa yeye ameshafika noti ya tatu. Nilibandika karatasi ukutani yenye majina yote mawili na baada ya wiki sita sikuihitaji tena.

Jambo jingine ambalo mwanafunzi wa besi anapaswa kuambiwa siku ya kwanza, nami sikuambiwa: spika ya simu haitoi besi. Uzi mnene wa mi ukiachwa wazi, bila kubanwa kwa kidole, unatetema mara 41 hivi kwa sekunde, na kispika kidogo cha simu hakifiki huko chini, kinakupa tu sauti za juu zinazoandamana na noti yenyewe. Nilikaa mwezi mzima nikidhani mwalimu anapiga kwa upole sana, kumbe nusu ya somo lilikuwa halinifikii. Nunua visikizi vya masikioni, hata vya bei ndogo vyenye waya, kabla hujalipia chochote.

Kozi ilipoisha, mtandao uleule ukaniletea hatua ya pili: malipo ya kila mwezi, video mamia. Nililipa miezi mitatu na nitasema kweli nilivyoona. Video zilikuwa safi, mwalimu ana moyo, anaeleza bila haraka. Lakini Jumapili ya kwanza baada ya kulipa, kwaya ilianza wimbo bila kutaja gamu, kama kawaida yetu. Mwimbaji anaanza pale sauti yake inapomkuta, sinte inamtafuta, halafu besi inatakiwa iwe imeshaingia. Siku ile ilikuwa re bemoli, nusu toni chini ya re. Mimi nilikuwa na gamu ya do yenye nyuzi wazi, bluzi ya mizani kumi na mbili katika gamu ya la, na mwanzo wa kupiga uzi kwa kidole gumba ili ulie kama ngoma. Hakuna hata moja iliyonisaidia. Na kiitikio cha mwisho wakapandisha nusu toni, kama wanavyopenda. Nikaweka gitaa chini nikaimba alto.

Jioni hiyo nilifungua maktaba ya video zile mamia nikatafuta somo la kuingia kwenye wimbo ambao hujaambiwa gamu yake. Halikuwepo. Yalikuwepo masomo ya kubadili gamu ukiwa na karatasi mbele yako. Nikatafuta rumba. Kulikuwa na sehemu nzima ya mitindo ya dunia, yenye Brazili, Kuba na Jamaika, na Kongo haikuwamo, ingawa rumba ya Kongo imo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu Desemba 2021. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu besi ya kwetu ni shule kamili. Anayetaka kujua besi inavyoweza kunyamaza mahali pake na wimbo ukazidi kucheza, amsikilize mpiga besi Decca Mpudi katika TPOK Jazz, bendi ya Franco.

Kulikuwa pia na somo la moja kwa moja na mwalimu mara moja kwa wiki, saa moja jioni kwa saa za New York. Kwetu Lubumbashi hiyo ni saa nane usiku wakati wa baridi yao. Niliamka mara mbili. Tulikuwa wengi, kila mtu anauliza kwa maandishi, na swali langu halikufikiwa. Mara ya pili umeme ulikatika baada ya dakika kumi. Forfe, yaani kifurushi cha intaneti, niliyoinunua kwa ajili hiyo ikaliwa na video za kawaida, maana hazipakuliki ila ndani ya programu yao.

Sikusimamisha malipo kwa hasira. Nilisimamisha nilipogundua kwamba katika miezi saba hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunisikia nikipiga.

Kisha binamu yangu aliyeko Ubelgiji akaniunganisha na mwalimu Mkongo anayeishi huko, anayefundisha kwa WhatsApp. Utaratibu wake ni mfupi kueleza. Kila wiki unamtumia rekodi moja ya wimbo unaopaswa kuupiga kweli, ndani ya siku mbili anakujibu kwa sauti dakika tano au sita, na anakupa jambo moja la kufanyia kazi. Moja tu. Simuoni uso, na hatupigi pamoja, kwa sababu kwenye simu ya video sauti inachelewa kidogo na besi na ngoma haviwezi kushikana kwenye kuchelewa huko. Tena programu za simu huichukua sauti ya besi kama kelele ya chumba na kuipunguza. Alinifundisha kuweka simu kama mita moja kutoka kwenye ampli, kile kikuza sauti cha gitaa, na kumtumia rekodi kama faili. Nikimtumia kama ujumbe wa sauti inafika imeharibika.

Jibu lake la kwanza nimelihifadhi. Hakuzungumzia noti niliyokosea, na zilikuwa nyingi. Alisema, "Mama, noti zako zinachelewa kufa." Akaeleza kwamba mpiga batri wetu anakanyaga ngoma kubwa, sauti yake inakatika, na noti yangu inaendelea kulia juu ya nafasi ambayo ngoma imeiacha wazi. Nilegeze kidole cha kushoto bila kukiondoa juu ya uzi. Na uzi wa mi uliokuwa ukivuma wenyewe nilipopiga la, niukalishie kidole gumba cha kulia. Wiki nzima nilifanya hilo tu, kwa noti moja, do. Jumapili yaya, yaani mkubwa wetu anayepiga batri, aligeuka akanitazama katikati ya wimbo. Hakusema kitu, akaendelea kupiga, lakini nilijua amenisikia.

Ile shida ya re bemoli aliimaliza kwa rekodi mbili. Alinikataza nyuzi wazi kwa mwezi. Akaniambia niweke kidole kwenye kituo cha tatu cha uzi wa la, hapo ni do; kituo ni nafasi kati ya vyuma viwili vya shingo ya gitaa. Kituo hichohicho kwenye uzi mwembamba unaofuata, re, ni fa. Kituo hichohicho kwenye uzi mnene, mi, ni sol. Noti tatu zimekaa kwenye mstari mmoja, na nyimbo nyingi za kwaya yetu hazihitaji zaidi ya hizo tatu. Ukisogea kituo kimoja mbele, mstari huohuo umekuwa re bemoli, sol bemoli na la bemoli. Wakipandisha nusu toni, mkono unasogea kituo kimoja na vidole havibadiliki. Nililia, sitaficha. Miezi saba nililipia masomo na jambo hili linaelezwa kwa dakika nne.

Masikio ndiyo kazi ngumu, na hapo alinishangaza. Alinituma kwenye rekodi za Mwenda wa Bayeke, mzee wetu mpiga gitaa wa Katanga ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na gumba lake ni besi kamili iliyofichwa ndani ya gitaa moja. Kazi yangu ilikuwa kulisikia gumba peke yake, kuliimba kwa mdomo mpaka lisiniponyoke, halafu ndipo nishike besi. Ukiimba kwanza, vidole vinajua vinakokwenda. Nilipunguza mwendo wa video ya YouTube mpaka nusu, sauti haishuki, na nikakaa na mizani nane kwa siku tisa.

Kuna ninayoyalaumu kwake pia. Hana mpangilio: ukimuuliza tunaelekea wapi anasema tunaelekea Jumapili. Mimi hilo linanitosha, mtu asiye na kwaya wala bendi atapotea. Vipande vya kujifunzia anavituma kimojakimoja, na kwa muda mrefu vilikuwa na besi yake ndani, hivyo nilikuwa nikijificha nyuma yake bila kujua. Nilimwomba kila kipande kije mara mbili, chenye besi na kisicho na besi, kama sauti tu bila video. Sasa anafanya hivyo, ni megabaiti chache, vinaingia hata kwa forfe ndogo. Bado namdai kimoja cha tatu, chenye batri peke yake na mwendo wa polepole, kwa sababu sebene, ile sehemu ya kucheza inayoongozwa na magitaa, naikosea palepale inapoanza: gitaa la solo linaingia, kila mtu anainuka, na mimi nakimbia mbele ya mguu wa batri.

Bei yake kwa mwezi ni pungufu kidogo ya ile ya video mamia. Kulipa ndiko kunasumbua, binamu ananilipia huko Ulaya nami nampelekea mama yake hapa mjini, kule Kamalondo.

Kwa aliyemaliza kozi ya mwanzo na anatafuta ya kufuata: kabla ya kulipa, muulize mwalimu kama atakusikiliza ukipiga, mara ngapi kwa mwezi, na kama utachagua wimbo wewe. Mimi nilimuuliza maswali hayo matatu mwalimu wa pili, na kwa la mwisho alinijibu kwa swali lake: "Jumapili mnaimba nini?"