Tahadhari kwa wenye tovuti: anayekuuzia "alama 100" za kasi

Jamani, mtu akikufuata na ahadi ya kuipandisha tovuti yako kwenye Google kwa "kuiongezea kasi", soma hapa kabla hujamlipa. Mimi nimeshalipa.

Alinitumia picha ya PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya kurasa: duara la kijani, 100. Nikafurahi. Kesho yake nikafungua tovuti kwenye simu, nikagusa kitufe cha menyu. Kimya. Nikagusa tena. Menyu ikafunguka na kujifunga papo hapo, maana miguso yote miwili ilishughulikiwa kwa mpigo.

Fundi mwingine alipokagua ndipo nikajua nilichouziwa. Yule bwana aliweka programu-jalizi (programu ndogo ya kuongeza kwenye tovuti) inayozuia skripti zote, yaani msimbo unaofanya vitufe vifanye kazi, zisipakiwe mpaka mtu aguse ukurasa. Lighthouse, inayotoa ile alama, hufungua ukurasa bila kugusa chochote, kwa hiyo ule mzigo haikuuona kabisa. Unamwangukia mgeni wako, kwenye mguso wake wa kwanza.

Na hiyo alama siyo Google wanayoitazama. Tangu Machi 2024 wepesi wa kuitikia wanaupima kwa INP, yaani muda tangu mtu aguse mpaka skrini ionyeshe badiliko, kwa data ya watumiaji halisi wa Chrome. Angalau robo tatu ya matembezi yanatakiwa yawe ndani ya milisekunde 200. Muda huo ukizidi 500, kipimo ni kibovu. Yangu ilikuwa kijani kabla hajaishika, sasa ni nyekundu.

Kwa hiyo akikuonyesha picha, mwulize: hii ni ya sehemu ipi? Data ya watumiaji iko juu ya ukurasa wa PageSpeed Insights, alama ya Lighthouse iko chini yake. Wangu aliikata picha ili ile sehemu ya juu isionekane, nami sikushtuka. Akidai data ya watumiaji imekuwa nzuri yote baada ya siku mbili, anakudanganya, kwa sababu inajumlisha siku 28 zilizopita. Na akitaka umiliki wa akaunti yako ya Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, mkatalie. Ruhusa ya kutazama tu inamtosha kusoma ripoti.

Nilipomwuliza kuhusu INP alijibu "alama si umeiona?", kisha akanizuia. Programu-jalizi yake nimeshaiondoa. Menyu inafunguka kwa mguso mmoja, na sasa nasubiri hizo siku 28 zipite.