TAHADHARI: Tepurekoda za rili zinazouzwa Mwanza kuwa "zimefanyiwa servisi"

Wakuu, kuna jamaa anazungusha tepurekoda za rili, zile za zamani zenye utepe kwenye magurudumu mawili, hapa Mwanza. Leo utamkuta Makoroboi, kesho utasikia yuko Igoma, na tangazo lake linapita kwenye magrupu ya wanakwaya na wanamuziki. Anasema zimetoka Marekani, zimefanyiwa servisi, "unachomeka tu unarekodi". Kwangu ameondoka na laki tatu na nusu. Jina silitaji kwa sababu suala liko serikali ya mtaa, lakini mchezo wake nauanika wote, maana najua wapo wanaojichanga hivi sasa wanunue.

Mchezo uko kwenye umeme. Mashine ya Marekani ni ya volti 120 na Hz 60, yaani umeme unaotetema mara 60 kwa sekunde. Umeme wetu ni volti 230, Hz 50. Jamaa anakupa na transfoma ya kushusha volti, unaona mambo yamekwisha. Hayajaisha! Transfoma inashusha volti tu, Hz inaziacha zilivyo, na mota za mashine nyingi za zamani mwendo wake unafuata Hz. Rili ya saa moja itachukua saa 1 na dakika 12, na sauti itashuka karibu nusutoni 3.

Pale kwake hutaligundua hilo, kwa sababu anakupigia utepe aliourekodi kwenye mashine hiyohiyo. Kilichorekodiwa polepole kikipigwa polepole kinatoka sawasawa. Hata maiki atakupa uimbe, akurudishie, ujisikie vizuri kabisa. Shida inaanza nyumbani ukiweka utepe uliorekodiwa kwingine. Mimi niliweka wa kwaya aliouacha baba mkubwa. Sauti yake naijua tangu utoto, na iliyotoka pale ilikuwa ya mtu mwingine, nzito, inajivuta. Imeniuma sana.

Ukimrudia hagombi. Anakupeleka kwa "fundi" wake, fundi anadai advansi ya kuagiza kipuri. Na kipuri cha kweli kipo: puli ya Hz 50, au bomba dogo la kuvalisha kapstani, yaani kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe, ili kiwe kinene zaidi. Ndiyo maana maneno yao yanaingia akilini. Mashine iliporudi nilifungua kifuniko cha hedi, yaani vile vichwa vinavyorekodi na kusoma sauti kwenye utepe. Kapstani ilikuwa imeviringishwa selotepu nyeusi ya mafundi umeme. Gundi ilikuwa imeyeyuka ikahamia kwenye rola ya mpira, na pale selotepu ilipopandana pana kinundu, kwa hiyo kila mzunguko sauti inayumba. Noti ndefu ya kinanda haisikiliziki.

Nikamulika hedi kwa tochi ya simu. Kwa mbali zinang'aa. Kwa karibu ni mikwaruzo ya msasa, imelala upande mmoja. Hedi iliyolika huwa na mfereji, ukipitisha ukucha taratibu unakwama ukingoni. Wao wanausugua ule mfereji ili usionekane. Kusawazisha hedi ni kazi ya utaalamu na uso hutoka bila mkwaruzo. Msasa wa bati unaimaliza kabisa.

Anauza pia "tepe mpya" kwenye maboksi. Angalia umri wake. Tepe nyingi za miaka ya 1970 na 1980, Ampex 456 ikiwemo, gundi inayoshikilia tabaka lenye sauti hunyonya unyevu, na sisi huku ziwani unyevu tunao wa kutosha. Ukipiga unalia mluzi na kuacha uchafu wa kahawia kwenye hedi. Hapo zima, wala usirudishe nyuma kwa kasi, maana sauti ndiyo inayobanduka. Tepe mpya za kweli bado zinatengenezwa Ufaransa na Marekani.

Kabla hujatoa hela, soma kibati cha nyuma. Kikisema 60 Hz peke yake, ulizia puli ya Hz 50 uione kwa macho. Zipo mashine zisizo na shida hii, kwa mfano Revox A77, ambayo kasi ya kapstani inadhibitiwa kielektroniki. Hiyo angalia volti tu. Halafu nenda na futi kamba. Tia alama mbili kwenye utepe, umbali wa mita 1.9, weka kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, shika saa. Kutoka alama ya kwanza kupita kwenye hedi mpaka ya pili ziwe sekunde 10. Zikichukua 12, ndiyo hiyohiyo niliyouziwa mimi. Akikukatalia kupima, ondoka.

Na kama mashine yako iko kwa huyo fundi sasa hivi, ifuate leo. Piga picha hedi, mota na namba ya mashine mbele yake, mwandikishiane nani amepokea nini, na advansi nyingine usitoe mpaka kipuri kiwe mezani.