Kliniki ya kumbukumbu niliyompeleka mama, Upanga

Mama yangu ana miaka 71, tunakaa Tandika. Ameuza khanga Kariakoo tangu sijazaliwa. Bei ya doti na bei ya korja zote alikuwa nazo kichwani, na deni la mteja hakuwahi kuliandika popote. Kwa hiyo mwezi wa tano alipoanza kuniuliza "umekula?" mara tatu ndani ya nusu saa, nilishtuka. Baadaye akapotea akitoka soko la hapa mtaani, mwendo wa dakika kumi tu kufika nyumbani. Kijana wa bodaboda anayemfahamu ndiye aliyemrudisha.

Zahanati tuliyoanzia walitujibu kabla hata hatujakaa vizuri: ni uzee huo, mzoeeni. Neno hilo liliniuma mno. Kliniki hii ya wazee nilielekezwa na mwenzangu kazini. Nilipopiga simu, dada wa mapokezi akaniambia nije na dawa zote anazotumia mama, hata za kununua duka la dawa, nizitie kwenye mfuko mmoja.

Mfuko ule ndio uliotuokoa. Daktari alimwamkia mama shikamoo, akaumwaga mezani, akashika dawa moja moja na kumuuliza yeye mwenyewe, si mimi: hii unakunywa saa ngapi, nani alikupa? Metformin ya sukari, miaka tisa sasa. Amitriptyline ya miguu kuwaka moto, aliyopewa hospitali nyingine. Na Piriton, dawa ya mzio, kila usiku, ili apate usingizi! Hiyo hata mimi nilikuwa siijui. Daktari akanieleza kwamba metformin ikitumika miaka mingi huweza kushusha vitamini B12, na B12 ikipungua kumbukumbu huvurugika, na miguu nayo huwaka au kufa ganzi. Zile mbili nyingine hutia ukungu kichwani kwa mtu mzima, hasa zikikutana.

Kisha wakampima akili. Aliambiwa ataje wanyama kwa dakika moja, akumbuke orodha ya maneno, apange njiti za kiberiti kama alivyopanga daktari. Kipimo hicho kilifanyiwa kazi kwa wazee wa Hai, Kilimanjaro, na hakimwonei mtu ambaye hakusoma. Mama hakusoma. Kwa wanyama alikwama baada ya mbuzi, lakini njiti alizipanga sawasawa, taratibu, kama anakunja khanga.

Damu ilipimwa B12, homoni za tezi ya shingo, figo, sukari, wingi wa damu, VVU na kaswende. Mkojo nao, maana UTI peke yake yaweza kumchanganya mzee ghafla. Picha ya CT ya kichwa walituandikia kwa sababu mama aliteleza bafuni mwezi wa tatu, na damu ikivujia taratibu chini ya fuvu huweza kuleta usahaulifu wiki kadhaa baadaye. Haikuwepo. Ila zilionekana alama za presha kwenye mishipa midogo ya ubongo. B12 ilikuwa chini sana.

Sasa ana miezi minne ya sindano, ile dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Piriton imeachwa, amitriptyline imepunguzwa kidogo kidogo. Haulizi tena kama nimekula. Siku akiuliza ni mara moja. Majina ya wajukuu bado yanamponyoka, na daktari hakutudanganya: sehemu inayotokana na presha haitarudi, itazuiwa isiongezeke, na huenda kuna dimensia inayoanza, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu taratibu, hivyo atapimwa tena baada ya miezi sita.

Kasoro zipo. Tulisubiri saa tatu. Kliniki iko ghorofa ya pili na lifti ilikuwa mbovu, wagonjwa wenyewe wazee wa magoti. Majibu ya B12 yalichukua wiki nzima. Lililoniumiza kuliko yote ni mhudumu wa dirisha la malipo, aliyeita kwa sauti: "Yule mama anayesahau yuko wapi?" Mama aliinamisha uso. Nimewaambia, na ninaandika tena hapa: mwiteni kwa jina lake.

Kumwona daktari ni shilingi 40,000, vipimo hulipiwa kando, na bima yetu haikukubaliwa. Nendeni asubuhi mapema, mzee avae miwani yake, na afuatane na mtu anayelala naye nyumba moja, maana maswali ya usiku ni mengi.