Kichujio cha FilterWire EZ, kwa jicho la mtu wa maabara

Madaktari wanaotibu mishipa ya shingo iliyoziba hukipima kichujio kwa wepesi wa kukipitisha. Mimi, ninayekipokea kazi ikishakwisha, hukipima kwa kile kilichobaki ndani yake. Hiki cha Boston Scientific ni kifuko cha utando wa poliyurethani, aina ya plastiki, kwenye pete ya nitinoli, yaani aloi ya nikeli na titani, ambacho hupitishwa kwa waya hadi kupita mahali palipoziba na kufunguliwa kabla ya puto na stenti (kimrija cha wavu wa chuma) kuupanua mshipa, ili ukoko wa mafuta unaomeguka unaswe kabla ya kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Saizi moja hutosha mishipa yenye kipenyo cha milimita 3.5 hadi 5.5, na hilo nalisifu.

Vipande ninavyovikuta ndani ni vidogo kama punje za mchanga, vya manjano iliyofifia, vingine vimeshikana na damu iliyoganda. Vikishatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, huonekana faibrini (nyuzi za protini za damu iliyoganda), chembe sahani (vijichembe vinavyosaidia damu kuganda), seli zilizojaa mafuta hadi zikawa kama povu, kalisiamu ya zambarau, na nafasi tupu zilizochongoka kama sindano, palipokuwa na kolesteroli kabla ya kuyeyushwa na kemikali za kuandalia sampuli. Damu hiyo huenda iliganda kwenye kichujio chenyewe, lakini kolesteroli na kalisiamu hutoka kwenye ukuta wa mshipa, na mimi huzitafuta hizo kwanza.

Udhaifu wake mkubwa ni matundu ya mikroni 110 (yaani milimita 0.11), kwani chembe ndogo zaidi hupita, na kichujio kitupu hakithibitishi kwamba ubongo umesalimika. Katika uchunguzi wa MRI wa ICSS, utafiti uliolinganisha stenti na upasuaji wa mshipa wa shingo, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010, karibu nusu ya waliowekewa stenti walikuwa na alama mpya kwenye ubongo, dhidi ya takriban asilimia 17 ya waliofanyiwa upasuaji, na hospitali zilizotumia vifaa vya kinga, kama vichujio, hazikupata matokeo bora. Kwa ukoko laini unaomeguka kirahisi, ningependelea njia ya kugeuza mkondo wa damu utoke upande wa ubongo, ambayo haitegemei ukubwa wa tundu.

Naomba jambo moja kwa watakaokitumia. Kichujio kimoja kililetwa kwetu kikiwa kimekauka, na seli zake zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba sikuweza kumweleza daktari lolote la uhakika. Kikitolewa tu, kitumbukizwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, bila kusuuzwa kwa nguvu.