Bima ya Gari Ukiwa na Miaka 23 Mombasa: Uzoefu Wangu

Kwetu Kenya, siku ya kulipia bima ya gari dogo la kibinafsi, umri wa dereva hauongezi bei sana. Kinachoangaliwa zaidi ni thamani ya gari, mwaka lilipoundwa na kazi linalofanya. Umri huja kuulizwa siku ya ajali, ukishapeleka fomu ya madai, na hapo ndipo vijana wengi huumia. Unaambiwa kuna ekisesi, yaani sehemu ya gharama unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa, kuna nyongeza ya dereva kijana, kuna nyongeza ya leseni changa, na ukijumlisha unakuta kampuni haitoi kitu, wewe ndiwe unayejitengenezea gari. Hili limenikera kiasi cha kuandika, kwa sababu yote yamo kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, ila anayekuuzia hakusomei.

Gari langu ni Mazda Demio ya mkono wa pili. Nina miaka 23, leseni yangu haijatimiza miaka miwili. Naishi Bamburi na kazi yangu iko mjini upande wa Mwembe Tayari, kwa hivyo kila asubuhi navuka daraja la Nyali nimebanwa baina ya matatu, tuktuk na bodaboda. Thadi pati peke yake, ile inayolipia tu hasara unayowaletea wengine, haingenifaa. Gari nimelinunua kwa mkopo wa sacco, na sacco ilitaka bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, kabla ya kutoa hundi.

Bei ya kwanza niliipata kwa WhatsApp: bima kubwa, shilingi 27,000 kwa mwaka. Bei tamu. Nikaomba nitumiwe masharti, nikatumiwa picha ya tangazo. Nikaomba tena na tena mpaka mkataba ukaja, nikakaa nao usiku na kikokotoo. Ekisesi ilikuwa asilimia 5 ya thamani ya gari, na gari lilikuwa limethaminiwa 720,000. Hiyo ni 36,000. Juu yake nyongeza ya 15,000 kwa dereva aliye chini ya miaka 25. Jumla 51,000 kutoka mfukoni mwangu kabla kampuni haijatoa hata senti. Sasa fikiria ajali za mjini zilivyo: bampa, taa, mlango kubonyea. Nyingi hazifiki 51,000. Yaani ningekuwa nalipa 27,000 ili nimiliki cheti tu, na gari likigongwa niende gereji na pesa zangu.

Wa pili nilimfuata ofisini. Alikuwa mchangamfu, akaniagizia soda, kisha akaniambia, "Dada, hapa kwenye dereva tuandike mamako. Hiyo nyongeza ya umri itaruka." Mamangu hajawahi kushika usukani maishani mwake. Nilimwambia hivyo, akasema haina neno, hakuna anayefuatilia. Hufuatiliwa. Fomu ya maombi ndiyo msingi wa mkataba wote, na siku ya ajali abstrakti ya polisi, yaani karatasi yao ya taarifa ya ajali, inaandika nani alikuwa akiendesha. Kampuni ikiona uliyoyaandika hayalingani na yaliyotokea, ina sababu ya kukataa madai yako, na wakala aliyekushauri hutamwona. Hali ni hiyohiyo kwa vijana wenzangu wanaokata bima ya gari la kibinafsi halafu jioni wanawasha programu ya teksi. Ukibeba abiria wa kulipa, hiyo ni bima nyingine. Nawasihi msikubali kuandikiwa uongo, hata ukiandikwa kwa mapenzi.

Niliyemkubali ni wakala wa tatu. Khalu wangu ndiye aliyenielekeza kwake, ana ofisi ndogo barabara ya Nkrumah. Simtaji yeye wala kampuni, kwa sababu kampuni moja huwa na mawakala wazuri na wabaya, na ninachotaka mkijue ni jinsi alivyofanya kazi. Kabla ya kutaja bei aliuliza: nani ataendesha, leseni ni ya lini, gari linalala wapi usiku, litabeba watu wa kulipa? Kisha akatoa mkataba wenyewe, akaulaza mezani, akachukua biro. Alipofika kwenye kifungu cha dereva kijana alipiga mstari chini yake, akaandika pembeni kwa mkono wake: 10,000. "Hapa ndipo patakapokuuma, mwanangu," akasema. "Afadhali ulie leo hapa kuliko kesho gereji."

Hesabu yake ilikuwa mstari kwa mstari. Bima yenyewe asilimia 5 ya 720,000, yaani 36,000. Ulinzi wa ekisesi 5,000. Bima ya ghasia za kisiasa na ugaidi 2,500. Hiyo ya ghasia aliniachia niamue, nami sikusita, kwani Julai 2024 wakati wa maandamano magari yaliteketezwa hapahapa Mombasa, na bima kubwa ya kawaida haigusi hasara ya namna hiyo. Kisha tozo: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kufidia wenye bima, na stempu shilingi 40. Jumla 43,735 na senti 75. Ekisesi ya kawaida kwenye mkataba huu ni asilimia 2.5, yaani 18,000, na ule ulinzi wa 5,000 unaifuta. Ile 10,000 ya ujana wangu haifutwi, na alilisema hilo mara mbili ili nisije nikadai sikuambiwa.

Niliuliza pia kuhusu maji, maana mji wetu mvua ikishika barabara hugeuka mito. Mafuriko yamo. Kutu haimo, na sisi tunaoegesha karibu na bahari tunajua chumvi inavyokula chini ya gari. Hiyo ni kazi yako na mwoshaji wako.

Kuhusu thamani, acheni mthamini aseme. Kuna wanaoomba gari liandikwe milioni ili wakiibiwa wapate milioni. Kampuni hulipa bei ya soko ya siku ile, kwa hivyo ziada uliyolipia imepotea. Ukipunguza ili ulipie kidogo, nayo madai yako hupunguzwa kwa kiasi hichohicho. Zote mbili ni hasara yako.

Bima hii niliijaribu bila kutaka. Nilikuwa nimesimama karibu na soko la Kongowea, pikapu iliyokuwa ikirudi nyuma ikanivunja taa ya kulia na kupasua bampa, kisha ikaondoka. Nambari yake sikuiwahi. Nilimpigia wakala pale pale barabarani. Akaniambia nipige picha kila upande, nisisogeze gari kabla ya picha, halafu niende polisi nichukue abstrakti. Fomu ya madai alinijazia ofisini mwake nikiwa nimekaa mbele yake, pamoja na nakala ya logibuku, leseni na kitambulisho. Mkaguzi wa kampuni alikuja gereji akalikagua gari, akapasisha matengenezo ya 48,000. Mimi nikalipa 10,000, kampuni ikamaliza iliyobaki. Kwa ile bima ya 27,000 ningelipa yote 48,000. Sikuwahi kuona hesabu ikijieleza waziwazi namna ile, na nilimpigia wakala kumshukuru.

Malalamiko ninayo. Gereji iliyoteuliwa na kampuni ilikaa na gari langu karibu mwezi mzima ikingoja taa, na kila nikienda naambiwa "kesho inshallah". Taa za Demio zimejaa tele kwenye maduka ya spea mjini. Mkataba wangu haukuwa na gari la kuazima, kwa hivyo mwezi huo nilirudi kwenye matatu na pesa za nauli zikaenda. Ukikata bima, uliza kama unaruhusiwa kuchagua gereji yako, na uliza kuhusu gari la kuazima. Kama ningepewa nafasi ya kupima huduma hii kwa alama, hapa ndipo ningezikata, tena si kidogo.

Kwa wanaoogopa bima feki, na Mombasa tumeziona: cheti siku hizi ni cha kidijitali, kinakuja kwa simu au barua pepe, na uhalali wake unaweza kuhakikishwa kwenye mfumo wa chama cha kampuni za bima, AKI. Hakikisha kabla hujatoka kwenye mlango wa wakala. Lipa kwa Paybill ya kampuni, usitume pesa kwenye nambari ya mtu hata akikuapia. Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, huchapisha orodha ya kampuni, madalali na mawakala wenye leseni ya mwaka huo. Angalia pia afya ya kampuni yenyewe. Wazee wenye matatu hapa bado wanaikumbuka United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, zilipowekwa chini ya msimamizi watu wakiwa na madai mkononi. Ule mfuko wa fidia unaochangia kwa asilimia 0.25 hulipa kampuni ikianguka, lakini si zaidi ya 250,000 kwa dai moja.

Si kila kijana anahitaji bima kubwa. Ndugu yangu ana Toyota kuukuu ambayo hata ikiuzwa haifiki 300,000, haina mkopo, na amekata thadi pati kwa 7,500 kwa mwaka. Kwake ni sawa kabisa. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inataka uwe na hiyo kwa ajili ya watu utakaowaumiza, na kampuni inawajibika hadi milioni 3 kwa mtu mmoja. Gari lako mwenyewe likipondeka au likiibiwa, hupati kitu. Ukiwa tayari kulibeba hilo, usikubali kusukumwa upande wa bei kubwa.

Na wapo wanaotaka bima isiyo na riba. Takaful Insurance of Africa ilipewa leseni mwaka 2011, na utaratibu wa takaful ni wa wenye bima kuchangia mfuko wa pamoja, kampuni ikichukua ada ya kuusimamia, na ziada ikibaki inaweza kurudishwa kwa wachangiaji. Rafiki zangu kadhaa wa Majengo wako huko kwa sababu ya imani yao. Nao niliwaambia lilelile: muulizeni nyongeza ya dereva kijana ni shilingi ngapi, na iandikwe.

Mwaka ulipoisha nimehuisha kwa wakala yuleyule. Punguzo la kutodai sikulipata kwa sababu nilidai, na hilo pia alikuwa ameniambia mapema.  Ile nyongeza ya umri nitaendelea kuibeba mpaka nifike 25.