Ruta yenye "kipaumbele" na muuzaji aliyeniambia sitofahamu

Hadi wiki iliyopita nilikuwa nimeazimia kuandika neno moja tu juu ya ruta hii, yaani kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, nalo ni: msinunue. Sasa nina maneno zaidi, na sina hakika kama ni mazuri au mabaya.

Nasomesha Kiswahili kwa wageni kwa njia ya video, kutoka nyumbani kwangu Michenzani, Unguja. Wanafunzi wangu wako Ulaya, kwa hiyo masomo huanza baada ya magharibi, na huo ndio wakati ambao watoto wamerudi chuoni, kila mmoja ameshika simu, na mtoto wa ndugu yangu anarusha mtandaoni video alizopiga Forodhani, za vijana wanaopiga makachu, ile mirukio ya kujirusha baharini. Ruta niliinunua kwa sababu moja. Boksi lake lilikuwa na picha ya mtu anayezungumza kwa video, na chini yake ahadi kwamba mazungumzo yatapewa kipaumbele mbele ya matumizi mengine. Nilifungua ukurasa wa mipangilio, nikaitafuta kompyuta yangu katika orodha, nikaiwekea "Juu".

Siku hiyo nilikuwa namfafanulia mwanafunzi tofauti ya "nimekuja" na "nilikuja". Uso wake ukaganda, mdomo wazi. Nikaendelea kusema, kumbe maneno yangu hayamfikii, kisha yakamwangukia yote kwa pamoja kama gunia lililopasuka, naye akaniuliza kwa adabu kama tunaweza kuahirisha. Somo la malipo hilo. Nilipima: nyumba ikiwa kimya, ujumbe ulikwenda na kurudi kwa milisekunde 40, video ya makachu ilipokuwa inapanda, ilifika milisekunde 1,400. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Na muda wote huo ukurasa wa ruta uliniambia kwamba kompyuta yangu iko "Juu".

Nikalibeba boksi hadi dukani, Darajani. Nilitoa salamu, kijana muuzaji akaijibu huku macho yakiwa kwenye simu yake. Nikamweleza. Akasema, "Intaneti yako ndogo, bibi, nunua kifurushi kikubwa." Nikamwambia, "Mwanangu, intaneti inanitosha, tatizo linakuja pale mtu mmoja anapopandisha faili." Akacheka, akamgeukia mteja mwengine, na akasema kwa sauti ya kusikika duka zima: "Haya mambo ya mitandao hutoyafahamu." Nimesomesha watu wazima kwa zaidi ya miaka ishirini na sijapata kumwambia mwanafunzi hata mmoja neno hilo. Nilitoka na boksi langu nikitetemeka, na usiku ule sikulala hadi nilipofahamu.

Nililolifahamu ni hili, na kijana yule angelijua kama angetaka kujua. Data inayotoka nyumbani inapita kwenye ruta haraka bila ya kusubiri, kisha inarundikana mbele, kwenye kifaa cha kampuni ya intaneti, ambako laini ni nyembamba na hakuna anayeangalia nani ni "Juu" na nani ni "Chini". Ni sawa na kumpitisha mjamzito mbele kwenye lango la bandari ya Malindi, langoni hakuna foleni, ilhali watu wamejaa kwenye ngazi ya boti. Ili kipaumbele kiwe na maana, foleni lazima ihamishiwe ndani ya ruta yenyewe, na njia ni kuiambia ruta ipitishe kidogo chini ya uwezo halisi wa laini, kama asilimia 85 hadi 95. Kwenye ukurasa ule kulikuwa na kisanduku cha kasi, chini kabisa, kitupu. Laini yangu hupandisha megabiti 10 kwa sekunde, nikaandika 8.5. Video ya makachu ikapanda, na kipimo hakikuvuka milisekunde 60.

Nilifurahi kupita kiasi, nakiri. Masomo kadhaa yalikwenda bila ya kukatika hata mara moja, na tathmini yangu ikageuka: ruta nzuri, maelezo mabaya. Kisha umeme ukakatika, ukarudi, na katikati ya somo uso wa mwanafunzi ukaganda tena. Nilipofungua mipangilio nilikuta namba imefutika na kisanduku kitupu, lakini neno "Juu" liko pale pale, linang'aa. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwa sababu kifaa kilichosahau kazi yake kiliendelea kudai kwamba kinaifanya. Nchi yenye umeme kama wetu haihitaji kifaa cha namna hiyo.

Kwa anayetaka kununua: mwambie muuzaji akufungulie ukurasa wa mipangilio kabla hujatoa pesa. Ukiona "Juu, Kati, Chini" peke yake, bila ya mahali pa kuandika kasi, ondoka. Andika namba, mwambie achomoe waya wa umeme na kuurudisha, uone kama namba imebaki. Uliza kuhusu fq_codel au CAKE, ambazo ni mbinu za kupanga foleni ya data ndani ya ruta. Ya kwanza imetokana na CoDel, mbinu ya kuzuia foleni isirefuke, kazi ya Kathleen Nichols na Van Jacobson ya mwaka 2012, na ikachapishwa katika waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 8290, mwaka 2018. Zote mbili hugawa zamu kwa haki bila ya wewe kutaja kompyuta ya nani ni muhimu. Ruta inayokubali OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, inaweza kuwekewa zote mbili. Anayetumia intaneti ya simu ya mkononi ajue kwamba kasi yake hubadilika kila saa, na namba moja haitamfaa siku nzima.

Naipa nyota tatu. La, mbili, kwa sababu ya ile "Juu" ya uongo. Ama duka lile, hata likileta ruta bora kuliko zote za Darajani, nitakwenda kwengine mpaka kijana yule aniombe radhi mbele ya mteja.